Mwaka Nilioogopa Kumwita Laura

Wambui alinipigia simu nikiwa kortini Bungoma, nikingoja kesi iitwe, akaniambia Laura amefariki huko kwao Amerika. Hakusema Mwalimu Laura wala Madam Laura. Alisema Laura tu, vile tulivyofundishwa, ila katika kinywa cha Wambui jina hilo limekuwa Raura tangu mwaka wa 2003 na nadhani litabaki hivyo hadi tuzeeke. Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo, penye bomba la maji, nikalia hadi karani akaja kunitafuta. Kazi yangu ni ukalimani. Shahidi anasema kwa Kibukusu, mimi namweleza hakimu kwa Kiingereza, hakimu anauliza, mimi namrudishia shahidi. Kutwa nzima nasema mbele za watu, na wenzangu hunitania ati nilizaliwa nikiongea. Hawajui kwamba nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikaa darasani miezi saba bila kufungua kinywa, kwa sababu ya jina la mwanamke mmoja.

Wiki iliyofuata tulikutana Kitale, wanafunzi wachache wa zamani, katika bwalo la shule ile aliyotufundisha, tukala, tukaangalia picha zake ukutani. Wambui, ambaye siku hizi ana duka la dawa za mifugo mjini, alinishika mkono muda wote. Nilipokuwa nimekaa pale nilishangaa jinsi mwaka ule ulivyonirudia mzima mzima, harufu na sauti zake, kuliko miaka mingine minne niliyosoma hapo. Hiyo minne imechanganyikana. Ule wa kwanza nikiulizwa leo Jumanne ya pili ya Oktoba tulikula nini, naweza kujaribu kujibu.

Ilikuwa shule ya Kimarekani, nje ya mji, upande wa Mlima Elgon. Ilijengwa kwa ajili ya watoto wa wamisionari, baadaye ikaingiza na watoto wengine wa kigeni, na kila mwaka ilichukua mtoto mmoja au wawili wa hapa kwetu bila karo. Lakini ulichukuliwa kwa mwaka mmoja wa majaribio. Ikifika Juni walimu wanaketi, wanakujadili, na wakiona hamfa­ani unarudi kwenu. Mimi nilitoka Misikhu, upande wa Bungoma, katikati ya darasa la saba. Nikirudishwa, ningekuwa nimepoteza mwaka na nimewapa watu wa kwetu la kusema maisha yao yote. Wambui alikuwa ameingia mwaka mmoja mbele yangu, akapita majaribio, na ndiye niliyewekwa naye chumba kimoja. Alitoka Tuwan, hapo hapo Kitale, na alijua kila kitu.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni pa chumba chenyewe nisijue kama naruhusiwa kuingia. Vitanda viwili kwa watu wawili. Kila kitanda na taa yake, ya kuwasha na kuzima mwenyewe. Nilikaa kitandani nikawasha, nikazima, nikawasha, hadi Wambui akasema, "Utachoma balbu, bana." Halafu maktaba. Nilikuwa nimewahi kuona kabati la vitabu, lile lenye kufuli ofisini kwa mwalimu mkuu, ambalo funguo zake zilipotea nikiwa darasa la nne. Hapa vitabu vilikuwa nje, ukuta hadi ukuta, na hakukuwa na askari wala karani. Uliandika jina lako kwenye kadi, ukatia kadi kwenye kisanduku, ukaenda na kitabu. Nilimuuliza Wambui, je, mtu akiiba? Akanishangaa. "Uibe unapeleka wapi na ni vya bure?" Sikuweza kulala vizuri nikiwaza hilo. Jumamosi asubuhi tulikula chapati za maji, laini na nene, zimemwagiwa shira, na mtu aliruhusiwa kurudi kuongeza bila kuulizwa anatoka familia ya watoto wangapi. Kulikuwa na jibini, ambayo niliionja nikaitema kwenye kitambaa, na baada ya mwezi nikawa naiba vipande naweka mfukoni.

Sasa, jambo la Laura. Siku ya kwanza ya masomo aliingia mwanamke mrefu mwenye miwani, nywele zimeanza mvi, akaketi juu ya meza, si kwenye kiti, juu ya meza yenyewe, akasema: "Naitwa Laura. Mniite Laura. Mtu akitaka kusema kitu aniite jina langu, nitamsikiliza. Mtu akiona nimekosea, aniite upesi zaidi." Watoto wengine hata hawakushtuka. Mimi nilitazama dirishani kwa aibu. Kwetu hata mama yangu hamwiti baba yangu jina lake, humwita Baba Nekesa, kwa jina langu mimi, na amekaa naye miaka yote hiyo. Jina la mtu mzima halichezewi na mtoto, na mwalimu ni zaidi ya mtu mzima. Tunasema kuuliza si ujinga, ni kweli, lakini tunaposema hivyo tunamaanisha watu wazima waulizane. Mtoto mwenye adabu husikiliza, huinamisha macho, huandika. Na mimi nilikuwa nimesifiwa kwa adabu yangu tangu nikiwa mdogo, ndiyo iliyonifikisha pale.

Aibu hiyo pengine ningeishinda. Kulikuwa na la pili, baya zaidi. Sisi watu wa Bungoma ulimi wetu haujali sana tofauti ya L na R. Zinabadilishana viti zinavyotaka. Nyumbani hakuna anayegundua, maana sote tuko hivyo. Na kati ya majina yote ya wanawake wa Amerika, Mungu alinipa mwalimu ambaye jina lake lina zote mbili, moja mbele na moja nyuma. Nilijaribu kulisema peke yangu bafuni. Likatoka Raula.

Wambui aliamua kunifundisha. Alinipeleka nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna anayepita, akasimama mbele yangu kama kiongozi wa kwaya.

"Sema Lau."

"Rau."

"Si Rau! Weka ulimi juu. Lau."

"Lau."

"Eeh! Sasa umeshika. Maliza."

"Lau... la."

"Hapana, wee Nekesa. Ni Raura. Sikiza. Rau-ra!"

Tulitazamana. Yeye mwenyewe hakuwa amesikia alichosema. Watu wao wa Mkoa wa Kati, walikotoka wazazi wake, nao wana vita vyao na herufi hizo hizo, isipokuwa Wambui hajawahi kuona haya kwa lolote. Nilicheka hadi nikakaa chini, na alipoelewa akacheka yeye pia, akasema, "Sasa si umwite tu hivyo hivyo? Mimi namwita Raura kila siku na hajawahi kuniuma." Lakini sikuweza. Kesho yake Laura aliuliza swali ambalo jibu lake nililijua, mkono wangu ukapanda hadi usawa wa bega, ukarudi. Ndivyo ilivyokuwa Septemba, Oktoba, na hadi baada ya Krismasi. Niliandika vizuri, nikapata alama za juu katika kila karatasi. Ila katika shule ile nusu ya alama ilikuwa ya kuandika na nusu ya kuongea, na katika safu ya kuongea palikuwa na sifuri zimepangana kama mayai.

Mwezi wa pili ilikuwa zamu yangu jikoni. Shule ile kila mwanafunzi aliosha vyombo kwa zamu, hata watoto wa wakubwa, nalo hilo lilikuwa limenishangaza sana. Nilikuwa nakausha sahani karibu na dirisha la kupitishia chakula, pamoja na Mama Selina mpishi, na upande wa pili wa dirisha Laura na mkuu wa shule walikuwa wakinywa kahawa. Nikasikia jina langu. Mkuu alisema kwamba mtoto ni mzuri lakini ni kama hayupo. Laura akasema, "Sijui kama tunamsaidia. Sijui kama ananisikia, au ananiogopa, au hanipendi tu. Mwaka mzima hajaniita hata mara moja." Mkuu akasema, kwa upole, jambo ambalo ndilo lililoniuma, kwamba basi Juni watamshukuru na kumwacha aende, nafasi apewe mwingine. Sikusikia Laura akikataa. Mama Selina, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya vyakula, aliniona nimesimama na sahani mkononi.

"Wamesema nini, mwanangu?"

"Wamesema kabichi ya leo ilikuwa tamu, Mama."

"Si nilijua," akasema, akaendelea kusugua sufuria akiimba.

Ulikuwa ukalimani wangu wa kwanza, na ulikuwa wa uongo.

Mwezi wa tatu kulikuwa na shindano la tahajia. Wenyewe waliliita kwa jina la nyuki, na hadi leo sijui nyuki waliingiaje. Shule nzima inakaa bwaloni, unaitwa mbele, unapewa neno la Kiingereza, unataja herufi zake moja moja kwa mdomo. Ukikosea inalia kengele ndogo na unaketi. Kila mtu lazima ashiriki. Laura ndiye aliyekuwa akisoma maneno, na kengele ilikuwa mkononi mwake. Nilipita neno la kwanza na la pili, yalikuwa mepesi na hayakuwa na herufi zangu za balaa. Neno la tatu Laura akasoma: parallel.

Neno hilo nilikuwa nalijua vizuri sana. Ni la hesabu, mistari miwili inayokwenda sambamba. Nililiona kichwani limeandikwa kwa chaki nyeupe, R moja, halafu L mbili, halafu L nyingine mwishoni. Nikaanza. Nilikuwa nikisoma sawa sawa kutoka kwenye ubao wa kichwani, lakini ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umetoka Misikhu. Kila R iliyokuwa kichwani ilitoka mdomoni kama L, na kila L ilitoka kama R. Mimi sikusikia kosa lolote. Nilimaliza nikiwa na furaha. Kengele ikalia.

"Pole, Nekesa," Laura akasema. "Si sahihi."

Nilipaswa kwenda kuketi. Miguu ilikwisha kugeuka. Na hapo, sijui niseme ni kitu gani, nadhani ilikuwa hasira, maana woga ulikuwa umeniishia tangu ile siku ya jikoni. Walikuwa wamekwisha kuamua kunirudisha. Lakini nirudi kwa kutojua, sawa. Kurudi kwa neno ninalolijua nilikataa. Nikageuka tena, nikainua macho, nikamtazama usoni.

"Raula," nikasema. "Umekosea."

Watoto wadogo waliokaa mbele walicheka, halafu wakaona hakuna mwingine anayecheka. Niliona Wambui amejifunika mdomo kwa mikono miwili. Laura aliweka kengele chini.

"Nimekosea wapi?"

"Neno nililisema sawa. Ni ulimi wangu. Naomba chaki."

Mkuu wa shule alisema kwamba sheria ni kutaja kwa mdomo. Laura akanipa chaki. Nikaliandika ubaoni, kubwa, vile lilivyokuwa kichwani. Alilitazama muda mrefu kuliko linavyostahili neno moja. Halafu akanitazama mimi, na niliona usoni mwake kwamba hakuwa akifikiria shindano tena. Alikuwa akirudi nyuma, mwezi kwa mwezi, hadi Agosti. Akasimama. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwenye kitabu, akikisema kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai, na ndicho alichokitumia, mbele ya mkuu, mbele ya walimu, mbele ya wapishi waliosimama mlangoni.

"Nekesa, nimekosea mimi. Nilisikia vibaya. Naomba unisamehe."

Nimeona mambo mengi tangu siku hiyo. Nimepanda ndege, nimesimama mbele ya majaji. Hakuna kilichowahi kunitetemesha kama kumwona mtu mzima, mwalimu, akiniomba msamaha mimi mtoto, bila kulazimishwa, na mbingu isianguke. Hakupungua. Hicho ndicho nilichokuwa nikikitazama, kama atapungua, na alibaki na urefu wake ule ule. Kwetu hakuna jibu la jambo hilo kwa sababu jambo lenyewe halitokei. Nikasema, "Asante," akacheka, watu wakapiga makofi, nikapewa neno jingine na nikalikosa kabisa, kosa halisi, nikaenda kuketi.

Jioni ile alinikuta kwenye ngazi za maktaba akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwita. Nikamweleza yote, jina na ulimi. Alianza kucheka, halafu akaacha kucheka, akavua miwani akaifuta. Akasema kama ni hivyo nimwite Mwalimu, haina neno. Nikamwambia hapana, nimeshazoea Raula. Kuanzia siku hiyo nilinyoosha mkono hadi wengine wakachoka.

Mwaka wao uliisha mwanzoni mwa Juni, na hapo ndipo taabu nyingine ilipoanza, kwa sababu Juni shule zote za kwetu ziko katikati ya muhula. Niliposhuka Misikhu mchana na sanduku kichwani, soko lote liliniona. Kabla sijafika nyumbani habari zilikuwa zimefika: mtoto wa Baba Nekesa amefukuzwa na wazungu. Kabla ya saa kumi sebule yetu ilikuwa imejaa wageni waliokuja kutupa pole, Mama Nafula jirani yetu akiwa mbele, na ungedhani kuna msiba. Mama aliwapa chai. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alifungua bahasha niliyomletea, akavaa miwani, akasoma kimya. Halafu akainua kichwa.

"Mtoto hajafukuzwa. Ni likizo yao. Balua ndio hii, nitawasomea kwa Kiswahili." Akakohoa. "Wanasema Nekesa ni mtoto wa heshima sana. Hajawahi kumjibu mwalimu. Wanaomba tafadhari arudi Agosti."

Mimi barua nilikuwa nimesomewa na Laura mwenyewe kabla haijafungwa. Ilisema nilimpinga mwalimu wangu mbele ya shule nzima, na kwamba nilikuwa na haki, na kwamba wananitaka nirudi Agosti niwapinge tena. Nilifikiri Kiingereza kimemshinda Baba. Na nilikuwa na miezi mitatu tu katika dini mpya, ile ya kumwita upesi anayekosea.

"Baba, umekosea," nikasema. "Haijaandikwa hivyo."

Kijiko cha mtu kiligonga kikombe. Mama aliinamisha uso. Mama Nafula akasema polepole, "Woi. Kumbe ndio maana." Baba alikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akasema mtoto amechoka na safari. Wageni walimaliza chai haraka kuliko walivyoianza.

Walipoondoka aliniita nje, chini ya paa la ghala, nikajua ni fimbo. Akatoa barua akaisoma yote, kwa Kiingereza, kutoka juu hadi sahihi, bila kukwama popote, kisha akanieleza kila neno maana yake.

"Kizungu nilisoma kabla uzaliwe," akasema. "Hao walikuja kusikia kama wewe ni mbaya. Ningewasomea ati umebishana na mwalimu mbele ya watu, kesho ungekuwa hadithi ya soko. Nilikuwa nakufunika."

Nilihisi masikio yanawaka. Kumbe Baba alisoma vizuri, mimi ndiye niliyesikia vibaya. Nikasimama, nikamtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. "Nimekosea, Baba. Nisamehe." Katika nyumba yetu msamaha uliombwa kwa kuleta maji ya kuoga bila kuitwa, au kwa kuchinja kuku. Kwa maneno sikuwahi kuusikia, na nadhani hata yeye.

"Nani alikufundisha kusema hivyo?"

Nikamweleza habari za kengele na ubao, na vile Laura alivyosimama.

"Mbele ya watu?"

"Ndiyo, Baba."

"Mpaka wapishi?"

"Mpaka wapishi."

Akaikunjua barua, akaikunja tena. "Agosti utarudi," akasema. "Rakini hapa kwangu, ukitaka kunikosoa, ngoja wageni watoke."

Nilidhani imeisha hapo. Jumapili, baada ya ibada, wakati wa matangazo, Baba alisimama mahali pake pa wazee. Mama Nafula alikuwa benchi la tatu, na karibu wote waliokunywa chai yetu walikuwepo. Akatoa barua kwenye mfuko wa koti.

"Juzi niliwasomea balua hii vibaya," akasema. "Nilificha neno. Naomba mnisamehe, nitaisoma tena."

Akaisoma, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili, na alipofika pale niliposimama nikampinga mwalimu wangu, hakuharakisha, akapaza sauti ili na walio nyuma wasikie.